Viwanja vya Mji: Nani Analipa, Nani Anatunza?

Mara nyingi wakubwa wa miji yetu husimama mbele ya watu na kusema: tutawajengea. Tutawajengea uwanja wa mpira, na nyumba ya mikutano, na nyumba ya vitabu, na bustani yenye miti. Watu hupiga makofi, ngoma hulia. Nia hiyo ni njema, hatuikatai. Mji wenye watu wengi pasipo mahali pa kucheza na kusoma ni kama nyumba yenye vyumba vya kulala tu, haina hata baraza. Lakini sisi tunaopiga makofi inatupasa kuuliza maneno mawili: feza inatoka wapi? Na ukuta ukiisha kupakwa rangi, nani atautunza?

Katika Injili ya Mtakatifu Luka, Bwana wetu anatuambia habari ya mtu anayetaka kujenga mnara. Kwanza anaketi na kuhesabu gharama, asije akaacha kazi katikati na kuchekwa. Wengi hufikiri kama hesabu hiyo ni ya simenti na mabati. Hiyo ni nusu tu. Nusu ya pili ni mlinzi, fagio, taa, maji na choo. Miji yetu inajua sana nusu ya kwanza. Nusu ya pili hatujaanza kuisoma.

Tutazame Lubumbashi. Mji huu ulianza mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville, na leo una watu zaidi ya milioni 2. Zamani, mahali pa kujifurahisha palijengwa na wenye nguvu wawili: kompani na misioni. Union Minière iliwapa wafanyakazi wake katika makambi shule, hospitali, viwanja vya mpira na nyumba za kukutania. Mapadri Wabenedikto nao walianzisha mwaka 1939 timu ya Saint-Georges, ile inayoitwa leo TP Mazembe. Katika Kinshasa vilevile, Padri Raphaël de la Kéthulle, mmisionari wa Scheut aliyefika mwaka 1917, aliwakusanya vijana kwa shule na michezo, na uwanja mkubwa uliofunguliwa mwaka 1952 unaitwa leo Tata Raphaël.

Tunawashukuru. Lakini tuseme na ukweli: kitu cha kupewa hufa pamoja na mwenye kukitoa. Gécamines, iliyorithi kazi ya Union Minière, ilipoanguka katika miaka ya 1990, na wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipoachishwa mwaka 2003 kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, viwanja na nyumba za kukutania zilibaki bila mwenyewe. Hazikuwa za mji, zilikuwa za kompani. Watu walizitumia miaka mingi, lakini hawakuzoea kuzilipia wala kuzitunza. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Mambo yale yale tunayaona tena kwa sura mpya. Mwaka 2011 TP Mazembe ilifungua uwanja wake mwenyewe katika komini ya Kamalondo, wenye nafasi za watu 18,500. Ni kazi ya timu na ya rais wake, Moïse Katumbi, na ni kazi ya kusifiwa. Lakini uwanja wa timu si uwanja wa mtoto wa mtaa. Mtoto huyo huingia kwa tikiti, huketi na kutazama wengine wakicheza. Kutazama ni furaha, lakini mwili wake hauongezi nguvu, na saa za jioni bado anazimalizia barabarani, au mlangoni pa baa.

Na serikali? Serikali hupenda kujenga kwa ajili ya wageni. Uwanja mkubwa wa Kinshasa, unaoitwa leo Stade des Martyrs, ulijengwa na Wachina na kufunguliwa mwaka 1994. Mwaka 2023, tangu 28 Julai hata 6 Agosti, Kinshasa ilipokea Michezo ya Francophonie, baada ya kuahirishwa zaidi ya mara moja, na majumba mapya ya michezo yalisimamishwa upande wa uwanja wa Tata Raphaël. Wageni walikuja, walicheza, walirudi kwao. Hatusemi majumba hayo ni mabaya. Tunasema hivi: kazi iliyopangwa kwa siku kumi za wageni isidhaniwe kuwa ni mpango wa mji kwa miaka thelathini ya wenyeji.

Sasa kuna njia mpya, na juu yake ndipo tunataka kusema zaidi. Sheria ya migodi ya mwaka 2018 inasema namna ya kugawa kodi ya madini: sehemu 50 kwa mia kwa serikali ya taifa, 25 kwa jimbo, 15 kwa eneo ambamo mgodi unachimbwa, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Maana yake, komini inaweza kupata feza yake bila kungoja Kinshasa. Kwa miaka mingi Katiba ya mwaka 2006 ilituambia kama majimbo yatabakiza 40 kwa mia ya mapato ya taifa, lakini neno hilo halijafuatwa sawasawa. Kwa hiyo zile 15 kwa mia ni jambo kubwa. Papa Pius XI alifundisha mwaka 1931 kama kazi inayowezekana kwa walio wadogo isinyang'anywe na wakubwa. Katika jambo hili, sheria yetu imefuata njia njema.

Lakini ina makosa matatu.

La kwanza: inagawa kwa kufuata udongo, haifuati watu. Katika komini ya Ruashi kuna mgodi wa shaba na kobalti. Katika Katuba kuna nyumba na watoto tu. Je, mtoto wa Katuba hahitaji kiwanja kwa sababu chini ya nyumba ya baba yake hakuna shaba? Mji ni mmoja. Komini zenye bahati zikubali kuweka sehemu ndogo katika mfuko mmoja wa mji.

La pili: madini yana bei ya kupanda na kushuka, tena yanakwisha. Feza ya namna hiyo inafaa kujenga, haifai kulipa mlinzi kila mwezi. Kwa mlinzi inatakiwa kodi ndogo ya kila mwaka, inayotoka kwetu wenyewe: sokoni, kwenye parseli, kwenye baa. Hapa watu watanikasirikia. Lakini kitu usicholipia huwezi kukidai.

La tatu: mali bila daftari hupotea bila habari. Watu wa komini waone kwenye ukuta wa ofisi, kwa lugha wanayoijua: tumepokea kiasi hiki, tumetumia hivi, imebaki hivi.

Karibu na kwetu palikuwa na kiwanja. Hakikuwa na ukuta wala nyasi, lakini kila jioni timu tatu zilingojana pale, na Jumapili wamama walifanya mkutano wao chini ya mwembe. Siku moja walikuja watu wenye kamba na vigingi. Leo kuna parseli nane na kuta ndefu. Nani aliuza? Hakuna anayejibu. Hakuna karatasi iliyosema kama kile ni kiwanja cha watu wote, na kwa hiyo mbele ya sheria hakikuwa cha mtu. Hatukupoteza simenti hata mfuko mmoja, na hata hivyo tulipoteza zaidi kuliko uwanja wa viti elfu.

Basi, kabla ya kujenga kipya, komini iandike viwanja vilivyobaki, ipande miti mpakani, ichimbe choo, iweke bomba na taa. Ni kazi ndogo, haina utepe wa kukata, lakini inawafikia watoto wengi.

Desemba 1957, wenyeji wa Elisabethville walipiga kura mara ya kwanza kwa ajili ya komini zao. Tarehe 20 Desemba 2023, wenyeji wa komini za miji yetu mikubwa walichagua tena washauri wao. Ndugu msomaji, mshauri wako unamjua? Nenda kwake wiki hii, umpe mkono, umwulize: kiwanja chetu kina karatasi?