Doa Jeupe Utosini

Kifaranga wa siku moja hajaota upanga wa kuonekana, na ukimgeuza tumbo bila mafunzo maalumu huoni kitu cha kukusaidia. Mama mmoja hapa Ggaba, Uganda, anayefuga kuku juu kidogo ya mwalo, wala hamgeuzi. Anatazama utosi tu. Mwenye doa jeupe ni jogoo, mweusi mtupu ni tetea. Na alijua watatoka hivyo tangu siku 21 nyuma, alipoyaweka mayai chini ya kuku.

Siri iko katika kuchagua wazazi. Jogoo wake ni mwekundu, wa Rhode Island. Majike ni wa Plymouth Rock, wenye mistari myeusi na myeupe. Kwa ndege, mama ndiye anayeamua jinsia ya mtoto: baba ana kromosomu mbili za Z, mama ana Z moja na W moja. Jeni ya mistari imekaa kwenye Z, kwa hiyo mama hamrithishi binti yake mistari hata kidogo. Humpa mwana wa kiume peke yake. Sasa badilisha, jogoo awe ndiye mwenye mistari na majike wawe wekundu. Kama jogoo huyo ni halisi, yaani Z zake zote mbili zina jeni hiyo, vifaranga wote watatoka na doa, na huwezi kuwachambua. Aina ni zilezile mbili, lakini kazi yote imeharibika kwa sababu tu baba na mama wamebadilishana nafasi.

Wanunuzi wake wanataka matetea, na jogoo asiyetakiwa hula pumba na dagaa wa mukene kwa miezi bila kurudisha kitu. Reginald Punnett wa Cambridge, yule wa jedwali la visanduku linalofundishwa shuleni, aliiona hasara hiyohiyo wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akapendekeza vifaranga wa Uingereza watenganishwe kwa rangi.

Ninachokistahi zaidi kwa mama huyu ni jinsi anavyomthibitisha jogoo wa mistari, yule wa kumzalishia majike wajao, kabla ya kumwamini. Jogoo wa namna hiyo anaweza kuwa na nakala mbili za jeni hiyo au moja. Alinifunulia bawa la mmoja, akalaza unyoya wake kando ya unyoya wa mwingine: kwa huyu mistari myeupe ilikuwa imetanuka, hata ndege mzima alionekana kijivu kilichopauka, kwa yule weusi ulikuwa umeibana. Mimi ningeridhika hapo. Yeye hapana. "Mwanangu, manyoya yanakudokezea tu," aliniambia. "Watoto ndio wanaosema."

Basi humpandisha jogoo huyo kwa majike weusi watupu, na kila kifaranga anaandikwa kwenye daftari la shule: tarehe, mama, doa lipo au halipo. Akitoka mmoja tu asiye na doa, maneno yamekwisha, jogoo ana nakala moja. Wakitoka kumi wote na doa, nafasi kwamba jogoo wa nakala moja angewazaa hivyo kwa bahati ni 1 kati ya 1,024. Hapo ndipo anapomwita halisi. Kila yai linapigiwa kura yake peke yake. Yai la kumi halijui yale tisa yalitoa nini, na anayesahau hilo atamfukuza jogoo mzuri au atamtunza wa uongo.

Wafugaji wa chatu huko Marekani wanapiga hesabu za jamaa hiyohiyo kutafuta rangi mpya katika yule chatu mdogo wa Afrika ambaye makazi yake ya asili yanafika hadi kaskazini-magharibi mwa Uganda. Wao husubiri yai karibu miezi miwili, na jike miaka kadhaa mpaka akomae. Subira yao naivulia kofia.

Sasa mama wa Ggaba ameongeza kishingo, yaani jeni ya shingo tupu. Kuku mwenye nakala moja ya jeni hiyo hubaki na kishada cha manyoya mbele ya shingo. Mwenye mbili, shingo huwa karibu tupu kabisa. Anataka jogoo mwenye nakala mbili za mistari na mbili za kishingo, na kuku wazazi alionao wote wawili wana kishada, baba akiwa na nakala moja tu ya mistari. Mama wa mistari humpa kila mwana wa kiume nakala yake, kwa hiyo hesabu inaangukia kifaranga 1 kati ya 16. Kuku mmoja anaatamia mayai kama 12, ndiyo maana safari hii ameatamisha wawili kwa pamoja.