"Nimesabmiti": Kompyuta na Kiingereza cha Buguruni

Wahakiki wetu hupenda kusema mwandishi fulani wa riwaya za Kiingereza "anatumia sana maneno ya Kiswahili". Sana ni mara ngapi, jamani? Hapo kompyuta inatuumbua, maana yenyewe inahesabu.

Na Kiingereza cha huku kwetu kimekwishahesabiwa. Upo mkusanyo wa matini za Kenya na Tanzania za miaka ya 1990, uliosimamiwa na Josef Schmied wa Chemnitz, Ujerumani, chini ya mradi wa kimataifa alioubuni Sidney Greenbaum wa London. Mpango wa mradi ulikuwa matini 500 kwa kila nchi, kila moja ya maneno kama 2,000, nyingi zikiwa za mazungumzo. Mpango huo haukutukaa sawasawa. Bunge letu linajadili kwa Kiswahili. Hayo mazungumzo ya Kiingereza uyapate wapi?

Basi panda daladala la Buguruni kwenda Kariakoo. Mwanafunzi anamwambia mwenzake, "Asaimenti nimesabmiti jana." Kitenzi ni cha Uingereza, lakini kimevaa ni- na -me- na irabu ya mwisho. Iambie kompyuta itafute "submit". Hiki itakipita kama konda aliyejaza. Katika mradi ule neno la kienyeji ndani ya Kiingereza huwekewa alama. Hapa sasa alama uiweke wapi, mbele ya "ni" au baada ya "sabmit"?

Swali hilo linagusa fasihi moja kwa moja. Chukua Paradise ya Abdulrazak Gurnah (1994). Yusuf, mtoto aliyetolewa kwa ajili ya deni la baba yake, anamwita tajiri Aziz mjomba. Khalil anamkanya: si mjomba wako, mwite seyyid. Kompyuta itatupangia kila mstari wenye "seyyid", na kazi hiyo naitaka, kwani tutaona nani analitamka na mbele ya nani. Ila kwa kompyuta "uncle" ni Kiingereza safi, halina alama, wakati kumbe ndilo lililobeba adabu yote ya Kiswahili. Mtoto wa pwani humwita mjomba mtu mzima wa heshima, na chini ya heshima hiyo Aziz ameficha rehani. Mhakiki anayetafuta Uswahili wa Gurnah katika maneno yenye alama tu ataliruka neno lenyewe lililomfunga Yusuf.