Anayepokea Simu ya Mgeni

Anayepiga simu ofisini hajui mambo ya ndani. Hajui kwamba mhasibu amehamia ghorofa ya pili, wala kwamba aliyemhudumia mwezi jana yuko likizo. Ana namba moja na shida yake, basi. Kuifikisha simu hiyo kwenye meza inayohusika ni ufundi wa kumpokelea mgeni mzigo, nami nauheshimu kuliko kazi nyingi zenye vyeo vikubwa.

Ulianza kwa mikono. Januari 1878 swichibodi ya kwanza ya kibiashara ilifunguliwa New Haven, Marekani, ikiwa na wateja 21. Siku hizo kazi walipewa wavulana, na utundu wao ukawachosha wateja. Septemba mwaka huohuo Emma Nutt akaajiriwa Boston, mwanamke wa kwanza kuwa opereta. Katika swichibodi za maofisini zilizokuja baadaye, opereta alikuwa na nyaya zilizopangwa mbilimbili, mmoja wa kujibia na mwenzake wa kuunganishia. Kabla ya kuchomeka huo wa pili aligusisha ncha yake kwenye tundu la namba ya ndani na kusikiliza. Ukisikika mlio mfupi, laini ina watu. Pakiwa kimya, alichomeka na kupiga kengele. Ni tendo la kufumba na kufumbua, lakini ndilo lililolinda maongezi ya wawili yasivamiwe na wa tatu.

Almon Strowger, mzishi wa Kansas City, alipata hataza ya mtambo unaojiunganisha wenyewe mwaka 1891, na mwaka uliofuata ukaanza kazi La Porte, Indiana. Tangu mwaka 1999, Mark Spencer alipoandika programu ya Asterisk, hata kompyuta ya kawaida yaweza kuwa mtambo wa simu wa ofisi nzima. Maagizo ni mistari michache: iite 201 kwa sekunde 20, isipopokelewa, ziite simu zote za mauzo, ikiwa usiku, iende kwa mlinzi.

Kuandika njia ya simu inayopokelewa ni rahisi. Fundi hodari huhangaika na ile isiyopokelewa: 201 yuko kwenye kikao, mauzo wote wanaongea, je, sasa? Kila njia aliyoichora huishia kwa mtu, au walau mahali pa kuacha ujumbe. Hairudi kwenye "bonyeza moja" iliyokwisha kusikika mara mbili. Na kwa mzee asiyebonyeza chochote, kwa kuwa haoni vizuri au sauti imemtatiza, mtambo husubiri sekunde chache kisha humpeleka mapokezi bila kumuuliza tena. Mstari huo mmoja naupenda kuliko yote.

Baada ya hapo kazi ni ya binadamu. Kuna kuihamisha simu kwa kuitupa tu, na kuna kumwomba mpigaji asubiri, ukampigia mwenzako kwanza: "Kuna mama hapa, amelipia mita ya maji tangu wiki iliyopita na fundi hajafika. Risiti anayo." Ndipo unawaunganisha. Mama anasalimiwa na mtu anayeijua shida yake tayari, haanzi kusimulia upya. Mitambo ya ofisi kwa kawaida ina uwezo huo, na kuutumia hakuchukui hata nusu dakika.