Muuzaji Aulizaye Kwanza

Katika mitaa ya Darajani, Unguja, ambako bidhaa za kila namna hupangwa hata nje ya vizingiti vya maduka, alikuwako bibi mmoja aliyeuza majenereta, pampu za visima, betri na vyombo vya umeme wa jua kwa sehemu kubwa ya umri wake, naye aliifanya kazi hiyo kwa adabu ambayo leo naitafuta madukani nisiione. Nilizoea kuketi barazani kwake pasi na haja ya kununua kitu, kwa ladha tu ya kumsikiliza akizungumza na wateja, kwa maana ujuzi wake ulidhihiri zaidi katika kuuliza kuliko katika kusifu mali.

Mteja akiingia na kusema, "Bi mkubwa, nataka jenereta kubwa," hakumwonesha jenereta. Alivuta daftari lake, akashika kalamu ya risasi, akamwuliza kwa upole: "Mwanangu, nyumbani mna friji ngapi? Pampu yenu ni ya hosipawa ngapi? Maji mwapandisha saa ngapi, na saa hiyo nani anapiga pasi?" Asiyejua aliyaona maswali haya kuwa ni udadisi wa kizee, ilhali ndani yake mlikuwa na hesabu nzima; kwani mota ya pampu au ya friji, pale inapoanza kuzunguka, huvuta umeme mara kadhaa ya ule itakaoutumia ikishatulia, na jenereta iliyoandikwa kVA 5 aghalabu haitoi kilowati 5 bali 4, hata nyumba mbili zenye vyombo vile vile zikahitaji mashine za ukubwa mbalimbali, kwa kuwa watu wa moja wana desturi ya kusubiriana na wa pili hawana.

Swali lake la mwisho ndilo nililolipenda kupita yote: "Na italala wapi?" Tarehe 10 Disemba 2009 umeme uliokuwa ukiletwa kutoka Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari tangu 1980, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, ulikatika, na Unguja ikakaa kizani hata Machi 2010, baada ya kuonja takriban mwezi mmoja wa dhiki kama hiyo mwaka 2008. Pampu za maji zilinyamaza, ndoo zikarudi vichwani, na kila mwenye mtaji kidogo akageuka muuza jenereta. Siku hizo za kugombania, mtu akija na fedha mkononi na gari inamngoja nje, bibi huyu alimzuia kwa swali hilo. Na akijibiwa kwamba mashine itawekwa ukumbini, au chini ya ngazi ya nyumba ya Mji Mkongwe isiyo na uwanja wala upenyo, fedha hakuzipokea. Alimweleza mnunuzi, taratibu kama anayemsomesha mtoto, kwamba ndani ya moshi wa petroli mna hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, inayowachukua watu usingizini pasi na wao kujua. Wako waliokasirika wakenda duka la pili, wakauziwa bila ya kuulizwa neno. Sijui biashara nyengine ambamo kukataa kuuza kulikuwa na heshima kubwa kuliko hapo.

Alisoma ufundi wa umeme katika Chuo cha Karume, Mbweni, zama ambazo wasichana katika darasa hilo walikuwa wa kuhesabika, na alipoajiriwa dukani wanaume wengi walimpita pale mezani wakimtaka awaitie fundi. Hakubishana nao. Aliwauliza waya wao una unene gani na kutoka kisimani hadi nyumbani ni hatua ngapi, nao wakishindwa kujibu wakaketi.

Namkumbuka vilevile mwenye nyumba ya wageni wa pwani ya mashariki aliyetaka jenereta ya dizeli ya kVA 100, kwa hoja kwamba mwenye uwezo hanunui kitu kidogo. Baada ya kuhesabu taa, mafriji na viyoyozi vyake, bibi alimwambia kuwa 30 zamtosha, na kwamba hiyo kubwa, ikifanya kazi chini ya theluthi ya nguvu zake siku hata siku, haitaunguza mafuta sawasawa, itajaa masizi na kuharibika kabla ya wakati wake. Mwenye duka, aliyekuwa akisikiliza, alikunja uso, maana faida kubwa ilikuwa ikitoka mlangoni mbele ya macho yake.

Umeme wa jua ulipoanza kupendwa, adabu yake haikubadilika. Maalimu mmoja wa chuo cha Qur'ani, Makunduchi, alitaka taa za kusomeshea wanafunzi usiku. Akaandikiwa daftarini taa 6 za wati 8 kwa saa 4, jumla wati-saa 192, zikapigwa mara 3 kwa ajili ya siku za mawingu za masika, zikawa 576. Na kwa kuwa betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, nayo haifai kunyonywa kupita nusu yake, ikaonekana kwamba betri moja tu yatosha, na paneli ya wati 80. Kisha akamsisitizia kwamba paneli ielekezwe kaskazini na iinamishwe kidogo, ili mvua ioshe vumbi na uchafu wa kunguru, na kwamba skurubu ziwe za chuma kisichoshika kutu, kwani chumvi ya bahari yetu haina huruma. Alivisema hivyo vya skurubu kwa uzito uleule aliosemea betri.

Leo paneli zauzwa kwa picha za simuni, na kibandiko chaandikwa wati ambazo jua halijapata kuzitoa humo. Mnunuzi hutazama bei, muuzaji hutazama hesabu ya vilivyotoka, na betri iliyonyonywa hata tone la mwisho usiku kwa usiku hufa upesi, ikatupwa mashimoni pamoja na risasi na tindikali yake, karibu na visima ambavyo twanywa maji yake. Watu husema umeme wa jua ni udanganyifu. Mimi husikitika kuona jua likibeba lawama ya mtu aliyeona taabu kuuliza.

Bibi ameacha kazi. Waliokuja baada yake dukani walipangiwa ujira kwa idadi ya vitu wanavyouza, na kwa kipimo hicho saa nzima ya kumshawishi mtu anunue kidogo ni khasara tupu. Na vyuo vyetu vyafundisha ufundi upande mmoja na biashara upande wa pili, bila ya kuwako mahali panapofunza kusimama baina yao. Wateja wake wa zamani, hata walioko Pemba, bado humpigia simu kabla ya kununua, naye huwauliza yale yale, kisha huwatajia kipimo. Wao huenda wakanunua popote, na hapana duka linalomlipa hata senti kwa kazi hiyo.