Vali Zinazoyashika Mafuta Yasikimbilie Tanga

Likitajwa Bomba la Mafuta Ghafi la Afrika Mashariki, wengi hufikiria pampu. Ni kweli: vituo sita vimesanifiwa kuyasukuma mafuta kilomita 1,443, kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga. Ila usanifu huohuo una vituo viwili vyenye kazi ya kinyume: kupunguza presha. Mafuta yasukumwe kwa gharama, kisha yazuiwe?

Sababu ni mteremko. Bomba hupita nyanda zilizo zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, halafu linashuka pwani. Kila mita 100 za kushuka, uzito wa mafuta yenyewe huongeza presha ya baa 8 hivi, karibu mara nne ya upepo wa tairi la gari dogo. Bila kizuizi, bomba la chini lingeelemewa.

Hatari ya pili imejificha. Tazama mpira wa maji unaoshuka kutoka tangi la juu. Ukiuacha mdomo wazi, maji hukimbia chini upesi kuliko yanavyoingia, na mpira hukohoa hewa. Ubane kidogo kwa kidole gumba: unajaa, unatulia. Kidole kiko chini, lakini kimetengeneza mambo ya juu. Vivyo hivyo kwenye bomba, pengo la mvuke likizuka kileleni kisha likazibika ghafla, mafuta hugongana kwa kishindo.

Kidole gumba cha bomba ni vali ya kudhibiti. Ndani yake kizibo hupanda na kushuka juu ya tundu. Kipima presha kilicho upande wa mlimani hutuma ishara: presha ikishuka, kizibo hubana; ikizidi, hulegeza. Mafuta yakipenya upenyo mwembamba huongeza kasi, husuguana na kupoteza presha, na nguvu hiyo hugeuka joto: kushusha baa 40 huyapasha nyuzi kama mbili. Si haba kwa mafuta yenye nta, ambayo lazima yabaki juu ya nyuzi 50 yasigande.

Tusiichanganye na vali ya kufunga njia, ambayo huwa wazi kabisa au imefungwa kabisa. Ukiiacha nusu, mkondo huitafuna, na siku ya dharura haizibi.

Kwa hiyo fundi wa kituo cha kupunguza presha huanza na geji ya upande wa mlimani. Chongoleani baadaye, kwanza ajue kama kileleni bomba limejaa.