Kuhakiki kwa Kura

Kiswahili kina neno moja kwa kazi mbili: tunahakiki cheti, tunahakiki na riwaya. Nililikumbuka nilipokuwa nasoma waraka wa Mira, mtandao unaotaka kuhakiki majibu ya akili mnemba kwa blokucheni. Nimeusoma kama ninavyosoma kitabu. Watu wa kompyuta mnisamehe.

Shida yenyewe ni ya kweli. Mwaka 2023 mawakili wawili wa New York na kampuni yao walipigwa faini ya dola 5,000 kwa kupeleka mahakamani kesi zilizotungwa na ChatGPT. Dawa ya Mira ni kulikata jibu liwe madai madogo madogo. Kila dai linapelekwa kwenye kompyuta za watu mbalimbali, zenye modeli tofauti, nazo zinapiga kura. Mwenye kompyuta ameweka dhamana. Akionekana anabahatisha, anakatwa. Na lazima iwe hivyo, maana kwenye swali la ndiyo au hapana, hata asiyesoma swali anapata nusu.

Hapo waraka umenikuna. Hautegemei wema wa mtu, unategemea mfuko wake.

Lakini wahenga waliosema penye wengi hapaharibiki neno, ndio haohao waliosema penye wengi pana mengi. Daftari la blokucheni linatunza nani alipiga kura gani. Halijui nani alikuwa sahihi. Sasa chukua swali la fasihi yetu, ambayo mtandaoni ni haba. Modeli kumi zilizosoma kurasa zilezile chache, zenye kosa lilelile, zitakubaliana vizuri tu. Ile moja inayojua ukweli itaonekana mkaidi, na dhamana yake iko hatarini. Modeli nyingi si vyanzo vingi.

Kisha kuna yasiyokatika. Kwamba Rosa Mistika ya Kezilahabi ilitoka mwaka 1971 ni dai, lipigiwe kura. Je, ni riwaya chafu? Iliwahi kupigwa marufuku shuleni, na leo inasomwa na kuchambuliwa vyuoni. Kura ya wakati ule ingeandikwa kwenye daftari lisilofutika, kisha tungefanyaje?

Kwa hiyo nausifu waraka huu kwenye tarehe, majina na hesabu. Kazi ile nyingine ya neno letu inabaki kwetu: kusoma, kubishana, na kesho kubadili mawazo. Ninyi mnaonaje?