Mikono ya Igembe

Miraa ina utulivu wa namna mbili. Wa kwanza ndio unaosemwa kila mahali: handasi, ile saa ambayo mtafunaji ameketi na wenzake Eastleigh au Kisauni, maneno yanamtoka bila kutafutwa, na kila mpango anaouwaza anauona kama umeshatimia. Wa pili haujulikani sana nje ya milima ya Nyambene, kule Meru. Huo hauuzwi. Uko mikononi mwa mchumaji na mfungaji wa Igembe, na kwangu mimi ndio ulio bora.

Mchumaji akishapanda juu hautazami mti mzima. Katika wingi wa majani jicho lake huokota ncha changa tu, zile laini zenye wekundu kidogo. Kijiti kilichokomaa kupita kiasi hakitafuniki, na kilicho kichanga mno hakijafikia urefu wake. Uamuzi haupewi hata nukta mbili, kwa sababu kidole gumba kimeshakata na mguu unatafuta pa kukanyaga kwenye tawi linalofuata. Kila anachofanya hujibiwa papo hapo. Tawi hubeba au hupinda, kijiti hukatika vizuri au huchanika. Waulize wachumaji walikuwa wakiwaza nini huko juu, nao watakuambia hawakuwaza kitu. Zamani nilidhani ni unyenyekevu. Sasa naamini walikuwa wakieleza jambo lilivyo.

Mwanasaikolojia Mihaly Csikszentmihalyi, aliyezaliwa 1934 na kufariki 2021, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchunguza hali hiyo. Aliwahoji wakwea miamba, wacheza dansi, wacheza chesi na madaktari wa upasuaji, akachapisha kitabu chake cha kwanza juu yake mwaka 1975 na kile kilichompa umaarufu mwaka 1990. Watu hao walimweleza mambo yaliyofanana sana. Kazi huwa ngumu kiasi cha kumdai mtu ustadi wake wote, lakini haimshindi. Lengo huwa wazi. Matokeo huonekana papo hapo. Hapo mtu husahau kujitazama, na muda hukosa urefu wake wa kawaida. Sijui kama aliwahi kusikia habari za Maua au Laare, miji ya Igembe. Lakini orodha yake ukiisoma ukiwa chini ya mti wa miraa, unaona kila kipengele kikitendeka juu ya kichwa chako.

Ufungaji ndio unaonivutia zaidi, pengine kwa sababu hauna hatari inayoteka macho. Vijiti humwagwa juu ya majani ya mgomba. Mfungaji huvichambua kwa urefu na ubora, hupukutisha majani yasiyotakiwa, hulinganisha ncha, kisha huzungusha kamba ya mgomba na kuikaza. Akikaza kupita kiasi ganda laini huchubuka, akilegeza kitita hupwaya njiani na vijiti hukauka. Hapo kitita kimoja, yaani shurba, kimekwisha. Shurba kumi hufanya bunda, nalo bunda hufungwa kwa majani ya mgomba ili libaki na unyevu. Ukimtazama anayeanza kujifunza utaona kila kidole kikipewa amri yake, naye huchoka upesi. Yule aliyezoea anaweza kuzungumza habari za karo na mvua huku mikono ikiendelea, mpaka wakati fulani mazungumzo yenyewe hukatika na hakuna aliyeyakata. Chumba kizima huwa kazi tupu. Nimeketi katika kimya kile mara nyingi, na kila mara nimetamani kuwa miongoni mwao na si mgeni anayeangalia.

Haraka imo ndani ya kazi hiyo, lakini ina kipimo chake. Makali ya miraa hupungua sana baada ya siku mbili hivi, kwa hiyo kinachochumwa asubuhi lazima kiwe barabarani mapema, kwenye yale magari yanayoteremka kwenda Nairobi kwa mwendo wa kutisha. Mwendo wa dereva ni wa kukimbizana na saa. Wa mfungaji hauna purukushani, ingawa saa ni ile ile. Kuna pia vitita visivyo vya soko kabisa, vile vinavyopelekwa kwa posa au mbele ya Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Wameru. Hapo ufungaji ni adabu. Huwezi kwenda kumwomba binti wa watu na kitita kilichofungwa ovyo.

Ukishuka hadi Mbeere, upande wa Embu, mmea ni ule ule lakini ufundi ni mwingine. Muguka huchumwa jani na chipukizi laini, bila kijiti, na huuzwa bila kufungwa shurba. Kazi yote iko kwenye ncha za vidole. Mwezi wa Mei 2024 kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilipiga marufuku muguka, na kelele zikawa kubwa Embu na Pwani. Sitaki kuwabishia wazazi wa Pwani wanaowaona vijana wao wakipotea vibarazani. Kilio chao ni cha haki na kinastahili jibu. Wala mtoto aliyetolewa darasani ili achume hayumo katika utulivu ninaousifu. Huyo ameibiwa. Ila katika ubishi wote ule, jani lilizungumzwa kama dawa ya kulevya, kama kodi na kama kura, na sikusikia mtu akizungumzia mikono.

Csikszentmihalyi na wenzake waliwahi kuwapa wafanyakazi vifaa vya kuwaita wakati wowote wa siku, ili waandike papo hapo wanafanya nini na wanajisikiaje. Ikaonekana kwamba watu huzama namna ile mara nyingi zaidi wakiwa kazini kuliko wakati wa mapumziko, na bado wakiwa kazini hutamani wangekuwa kwingine. Namwona kijana mchumaji wa Kangeta, huko Igembe, katika habari hiyo. Jioni hukaa na shurba yake mwenyewe, akitafuta kwa kutafuna kile alichokuwa nacho asubuhi nzima juu ya mti.

Uingereza ilipoifungia miraa mlango mwezi Juni 2014, na ndege za miraa za kwenda Somalia ziliposimama kuanzia Machi 2020 hadi Julai 2022, magazeti yalihesabu mamilioni yaliyopotea. Kwa mfungaji maana yake ilikuwa nyingine. Bei ya bunda ikianguka, anayelipwa kwa kazi aliyomaliza hulazimika kufunga zaidi ili apate kile kile, mpaka haraka inapita uwezo wa vidole. Hapo kuzama hakupo tena. Inabaki hofu na ganda lililochubuka. Kwa hiyo viongozi wakirudi kutoka Mogadishu na habari ya soko jipya, swali langu la kwanza ni je, aliyefunga atalipwa nini kwa bunda moja?